Tundu la Nyuma

Ulaya wana sanamu za plastiki za kufundishia upasuaji wa njia ya mkojo. Daktari Munyakazi wa Goma alikuwa na sanduku la mbao, mpira wa ndani wa baiskeli, na vibofu vya ng'ombe vinavyotupwa machinjioni. Alikuwa akitoboa kibofu kwa msumari mpaka utokee upande wa pili, anakiweka sandukuni, kisha anampa sindano mwanafunzi wake, Donatille. Kila mara Donatille aliziba tundu la mbele akasahau la nyuma. Mzee anajaza maji kwa mrija, yanavuja, anacheka.

"Risasi iliingia, mutoto yangu. Ilitokea wapi?"

Wiki ile mji ulipotekwa na waasi, wenye bunduki waliingia hospitalini kusaka askari waliojificha. Kiongozi wao, waliyemwita Ndayambaje, alifungua friji akakuta vibofu.

"Hivi ni vya batu. Munauzisha batu."

"Ni vya ngombe, chef," alisema Munyakazi. "Tunajifunza navyo kushona."

Nani angeamini kwamba si vya watu? Ndayambaje alimpiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Mzee akaanguka. Akampiga kichwani, tena na tena, mpaka fuvu likabonyea na miguu ikaacha kutikisika. Donatille alikuwa amebanwa ukutani, mtutu shingoni, damu ya mwalimu wake ikimfikia viatuni.

Siku chache baadaye wakamleta Ndayambaje huyohuyo, amepigwa risasi ya tumbo huko mtaa wa Majengo, analia akimwita mama yake.

"Akikufa, na weye utakufa," wenzake walimwambia Donatille, wakabaki mlangoni.

Alimpasua. Tumbo lilijaa damu na mkojo. Akaliona tundu la mbele la kibofu, akalishona.

"Tufunge, docteur?" aliuliza Kahindo, muuguzi wake.

Moyo ulimwambia afunge. Tundu la nyuma likiachwa, mkojo ungemwozesha yule muuaji polepole kutoka ndani, na wale wa mlangoni wasingejua lolote mpaka Donatille ameshavuka mpaka kwenda Gisenyi. Alimchukia kwa roho yake yote. Alitaka afe, na afe vibaya. Alisimama na sindano mkononi, na bado akamsikia mzee akiuliza lile swali lake.

"Jaza maji," alimwambia Kahindo.

Maji yakavuja. Akakigeuza kibofu, akalikuta tundu la nyuma, akalishona huku machozi yakimlowesha barakoa.

Ndayambaje alipopata nguvu za kusema, alimshukuru.

"Docteur, kazi hii ulijifunza na nini?"

Donatille alitoka, akarudi na kibofu alichokichukua machinjioni asubuhi ile, kibichi, kingali na damu. Akakiweka katika kiganja cha mgonjwa na kuvifunga vidole vyake juu yake.

"Shika vizuri," alisema. "Ni ya ngombe."