Pua ya Nyumba

Chumba alichokuwa analala mama mkwe ndicho Fundi alichokichagua kuweka mtambo wake wa pombe kali, na sababu alizozitoa zilikuwa za kitaalamu kabisa. Kilikuwa na bomba la maji ya kupozea mrija. Kilikuwa na dirisha moja, tena dogo, ambalo aliliziba kwa ubao na gundi lisiachie hata pumzi. Na kilikuwa juu ya karakana ya kupaka magari rangi, kwa hiyo mchana kutwa harufu ya rangi ilipanda jengo zima, na nani angekaa abague humo harufu ya pombe? Mama mkwe mwenyewe hakuwa miongoni mwa mambo ya kuzingatiwa. Alihamishiwa koridoni, godoro lake likatandikwa sakafuni, mbele ya mlango wa chumba kilichokuwa chake jana yake.

Mtu mwenye haya angeona vibaya kumruka mama mkwe kila anapokwenda kazini kwake. Fundi hakuona vibaya. Alikuwa fundi bomba hodari, hakuna aliyembishia hilo, lakini haya hakujaliwa.

Kitu kingine ambacho hakuwa nacho ni pua. Ya kupumulia alikuwa nayo, tena ndefu. Ya kunusia ilikufa siku alipoanguka kutoka juu ya tangi la maji akagonga kisogo. Tangu hapo alikula chakula kilichochacha akasifu mapishi. Na mtu asiyesikia harufu hawezi kupika pombe kali ndani ya nyumba, labda awe amechoka kuishi. Mrija unaungwa na sufuria kwa unga uliokandwa, unga ukikauka unapasuka, mvuke unavuja pale pale juu ya jiko la gesi, na mvuke huo hauonekani kwa macho. Unausikia kwa pua, au unausikia umeshashika moto.

Basi mke wake akapata kazi. Kila kabla ya kuwasha jiko alipiga magoti, akanusa viungo vyote, mpira wa gesi, madumu, sakafu, kisha akasema, "Hainuki." Fundi akatunga sheria: anayetoa neno ndiye anayewasha kiberiti. "Ili usininusie kwa mzaha," alisema. Akaacha kumwita mke wangu, akawa anamwita Pua, na wateja nao wakamwita Pua, hata mwenye duka la chini aliyempa mkopo wa sabuni akamwita Pua.

Siku moja Fundi alimfunga kitambaa machoni mbele ya wateja, akampitishia puani soksi, kitunguu, halafu kwapa lake mwenyewe. "Taja!" Akataja vyote. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Koridoni mama naye alicheka. Kicheko hicho ndicho kilichomuuma kuliko kwapa, lakini alikimeza, kwa sababu yote haya alikuwa anayavumilia kwa ajili ya huyo huyo mama. Fundi alikwisha kumwambia waziwazi:

"Mama yako anakaa hapa kwa sababu ya pua yako. Siku pua ikigoma, nampandisha gari arudi kwa kaka yako. Mimi sifugi watu."

Na huko kwa kaka mkewe alikujua. Mama alikaa huko mwaka wa shida. Wifi alimtoa nje asubuhi akafunga mlango, akamfungulia jioni, mvua inyeshe isinyeshe, na kaka mtu alikuwa anajua, akawa anatazama pembeni. Mama alirudi amekonda, kifua kinakoroma, na Pua aliapa moyoni kwamba huko harudi tena, hata kama yeye atanusa makwapa ya mji mzima.

Kisha akashikwa na mafua.

Si mafua ya kupiga chafya mbili yakaisha. Pua iliziba kama imetiwa saruji. Alijifukiza kwa maji ya moto, akapaka dawa ya kuwasha mpaka ngozi ikababuka, akatafuna kitunguu kibichi jikoni peke yake. Kitunguu kilimtoa machozi, lakini harufu hakuisikia. Hofu ilimshika hasa. Akajifuta uso, akayafukia maganda kwenye takataka.

Asubuhi ile mashine ya kupulizia rangi ilipoanza kunguruma chini, Fundi akapiga makofi. "Haya, Pua. Kazi." Ilikuwa siku ya kupika mara ya pili, ile pombe ya jana irudishwe kwenye sufuria itoke kali zaidi. Ilikuwa imekaa kwenye dumu kando ya mlango, na dumu lile lilikuwa na ufa kwenye kitako. Lilikuwa linachuruzika tangu jana kwenye mablanketi waliyoyasokomeza chini ya mlango kuzuia harufu. Mablanketi hayo huwa wanayalowesha maji makusudi, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuyakuta yamelowa, na Fundi alipolinyanyua dumu aliliona jepesi kidogo akadhani alipima vibaya.

Mke wake alipiga magoti, akanusa. Kwake chumba kizima kilikuwa kama kisima kikavu.

"Mwanangu," mama aliita kutoka godoroni, "hicho chumba kinanuka. Pombe hiyo, tena kali, inapita chini ya mlango inanichoma macho."

Fundi alimgeukia mkewe. "Pua, unasemaje?"

Angeweza kusema kweli. Neno lilimfika kooni. Lakini aliliona gari la kwenda kwa kaka, akamwona mama amekaa kwenye ngazi za wifi na mvua inanyesha, akalimeza.

"Ni rangi, mama. Leo wanapuliza gari kubwa."

"Rangi naijua mimi. Hii si rangi."

"Mama, tulia bwana," Fundi akacheka. "Kazi hii ina mwenyewe."

Mama hakubishana. Alilikusanya godoro lake, akaliburuta polepole mpaka jikoni, akajifungia huko. Binti yake alimsikia anasukuma komeo.

"Hainuki," akasema, akawasha kiberiti.

Haukuwa mlipuko. Moto ulitambaa sakafuni, wa samawati, mwepesi, ukaingia kwenye mablanketi na kupanda kwenye gauni lake kabla hajajua ni nini. Alipiga kelele. Fundi alirukia sufuria. Aliitoa kwanza sufuria, akarudi akatoa mrija wake wa shaba ameukumbatia, ndipo akachukua ndoo ya maji ya kupozea akammwagia mkewe. Chini mashine ya rangi iliendelea kunguruma, na hakuna aliyepanda kuuliza.

Kule zahanati Fundi na mkewe walisema ni mafuta ya kukaangia yaliyomuunguza. Muuguzi aliwatazama, akamfunga bandeji mkono wa kulia wote na shingo, akawaambia warudi kila baada ya siku mbili. Fundi aliitikia kwa adabu, "Ndiyo, dada."

Nyumbani hakumpiga. Afadhali angempiga. Alikaa mbele ya lile dumu, analigeuzageuza, anapapasa ufa kwa kidole, ametulia kama anayepima bomba.

"Ulisikia harufu au hukusikia?"

"Nilikuwa na mafua."

"Mafua. Na mama yako alisikia akiwa koridoni, mlango umefungwa."

Alishuka chini na bandeji zake, akamshika miguu. "Nitukane, nifanye utakalo, lakini usimrudishe mama kwa kaka. Nakuomba. Atakufa kule."

"Nani kasema anarudi?" Fundi alionekana kushangaa kweli. "Mama yako anabaki. Godoro lake nalirudisha chumbani kwake, alale humo humo karibu na mtambo. Atakayekwenda kwa kaka ni wewe. Pua moja inatosha nyumba hii."

Mkewe akamtazama mama. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakunja upindo wa nguo yake na kuukunjua. Binti alingoja aseme neno. Alingoja awake, amtukane mkwe wake, asimame waondoke wote wawili. Alikuwa tayari kulala naye hata barazani kwa watu.

"Mkono unataka mapumziko, mwanangu," mama akasema. "Kwa kaka yako kuna nafasi."

"Nafasi gani, mama? Wewe mwenyewe unapajua!"

"Napajua," mama akajibu, bila kuinua macho.

Binti aliondoka asubuhi iliyofuata, baada ya mashine ya chini kuanza. Alifungasha kwa mkono wa kushoto, nguo zikatokeza nje ya begi, akazisukuma kwa goti. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Fundi alikuwa anakanda unga mpya wa kuzibia mrija, anapiga mluzi, na mama alikuwa amepiga magoti kando ya sufuria, kiberiti mkononi, pua yake imekaribia sakafu. Alinusa kiungo kimoja, akahamia kingine, kwa uangalifu ambao binti hakuwahi kumwona nao katika kazi yoyote.

"Mama," akaita. "Nakwenda."

Mama alinyoosha mgongo. Alilitazama begi, akazitazama bandeji, akamtazama binti usoni.

"Funga mlango, mwanangu," akasema. "Harufu inatoka."

Akaufunga, akabeba begi lake, akashuka ngazi.