Nyota ya Saba ya Bibi Zamda

Mwalimu Apolinaria alishuka Tabora kwa treni ya asubuhi kutoka Kigwa, akaenda moja kwa moja mtaa wa Ng'ambo kwenye arobaini ya Bibi Zamda. Hawakuwa na undugu wa damu, wala dini moja, ila bibi yule ndiye aliyemfundisha nyota. Enzi za utoto wake, baba yake akiwa kazini kwenye karakana ya reli, Apolinaria alishinda barazani kwa Bibi, na jua likizama walikaa mkekani kungoja mbingu. Bibi alizaliwa njiani, mama yake akiwa katika msafara wa pembe za ndovu, na alikua akiipita njia ya Ujiji na Bagamoyo pamoja na wapagazi. Nyota alizijua kama mtu anavyowajua majirani zake. Kwa ajili ya Bibi, Apolinaria alizipenda hesabu mpaka masista wa shuleni wakashangaa, na sasa alikuwa na wanafunzi wake mwenyewe wa kuwatoa nje magharibi wakaitafute Zuhura.

Baada ya dua, masinia ya pilau yakiondolewa, Mfaume, mwana wa marehemu, alikuja kukaa karibu naye. Walizungumza habari za mama. Mfaume akasema kinachomuuma ni kwamba mama yake ameondoka bila kuziona sura za wajukuu wake.

Apolinaria alidhani hakusikia vizuri. Akauliza kama macho yalimharibikia uzeeni.

"Uzeeni wapi, mwalimu? Ndui ilimpata Ujiji akiwa mtoto. Tangu hapo aliona mwanga na kivuli, basi. Hukujua?"

Hakujua. Alitafuta siku moja ambayo angepaswa kujua, zikamjia nyingi mno. Wakienda sokoni, Bibi alimshika bega. Yeye aliona ni mapenzi. Barazani alimuuliza habari za kile kishada cha nyota ndogo, "Kilimia kimefika wapi? Kimeshapita paa la duka la Popatlal?" Yeye alidhani ni mtihani, na akijibu sawasawa Bibi alitabasamu kama mwalimu aliyeridhika. Sasa hakuelewa ni nani aliyekuwa akimfundisha mwenzake.

"Sisi tulijua unafahamu," Mfaume alisema kwa upole. "Jioni alikuwa akikungoja wewe. Alikuwa akisema, mtoto anakuja kunitazamia nyota."

Apolinaria akamwambia haiwezekani, maana Bibi ndiye aliyemwonyesha nyota ya saba ya Kilimia. Yeye alikuwa akihesabu sita, Bibi akikataa na kusema zipo saba. Mfaume akasema labda wapagazi walimsimulia. Labda. Lakini Bibi hakuishia kwenye hesabu. Alimfundisha namna ya kuiona ile ndogo: asiikazie macho, ageuze uso kidogo, aitazame kwa pembeni. Miaka mingi baadaye padri mmoja mwenye darubini alimwambia hivyo hivyo. Na Bibi mwenyewe, akizungumza na mtu, aligeuza uso kama anayesikiliza jambo lililoko ukutani. Apolinaria aliwahi kudhani ni madaha.

Giza lilipoingia alitoka uani. Ulikuwa mwezi wa Novemba, na Kilimia kilikuwa kimechomoza upande wa mashariki. Akahesabu sita. Akageuza uso, ya saba ikajitokeza, hafifu kama vumbi. Mfaume alimfuata, akasimama kando yake, akasema yeye anaona kama alama ya moshi tu.

"Usiikodolee. Tazama pembeni yake."

Mfaume alijaribu, akakosea, akajaribu tena.

"Naiona," alisema. "Sasa, mwalimu, mama aliiona au hakuiona?"

Apolinaria, aliyezoea kuwajibu wanafunzi wake, alimwambia hajui. Wakaendelea kusimama pale uani mpaka mke wa Mfaume alipotoka kuwaita wakanywe chai.