Bipi Tatu Kutoka Beni

Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya mabati ya Beni, na manyunyu yaliyoanza alfajiri yalikuwa hayajaamua kuwa mvua wala kuacha. Kavuo alitoka katika ukumbi wa parokia, ambamo wasafiri waliokwama walilala kwenye mikeka, akavuka matope mpaka kwenye mwavuli wa Salomon, muuza kadi za simu. Mkono mmoja ulishika rozari. Mwingine ulishika simu yenye masikio na isiyo na mdomo: ilipokea ujumbe, lakini haikuweza kujibu hata neno.

Ujumbe wa mwisho uliingia muda mfupi baada ya jua kuchomoza. "Tumeamka. Mtoto yuko mgongoni. Tunashika njia."

Aliyeutuma ni Débora, binti yake wa pekee, aliyebaki Bwera, ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda. Na njia aliyoisema ni ile ya kutoka Kasindi, mji wa mpakani upande wa Congo, kuja Beni, na katika njia hiyo Jumapili jioni watu wenye silaha waliteketeza magari mawili. Tangu hapo msafara unaolindwa na askari ulisimamishwa, na hakuna gari lililoruhusiwa kutoka Beni. Lakini upande wa Kasindi wapo madereva wanaoogopa njaa kuliko risasi. Hao walikuwa bado wanapakia watu kichinichini.

Kosa lilikuwa la Kavuo mwenyewe, naye alilijua. Alizaliwa Bulengera, mjini Butembo, akaolewa Bwera miaka ishirini na sita iliyopita, na huko ndiko alikomzika mume wake. Kwake mpaka ulikuwa mto wa kuvuka tu: lugha ile ile, ndizi zile zile, sala zile zile. Kwa hiyo alipokuja Butembo kumlilia baba yake hakuwaza kutafuta kadi ya simu ya huku. Kadi yake ya Uganda hushika hata Kasindi, akaona kwao ni kwao. Kila jioni majirani wa Bwera walimpigia kumpa pole, naye akasali nao fungu zima la rozari kwa simu. Hakujua kwamba ukiwa ugenini hata anayepokea hulipa. Siku ya nne pesa za simu zilikuwa zimekwisha. Yalibaki makombo ya kubipi tu.

Na katika nyumba yao bipi ni barua. Moja: nimefika salama. Mbili: nipigie. Tatu: kuna kifo, njoo.

Jana, alipofika Beni kutoka Butembo na kukuta njia imefungwa, alibipi mara moja. Simu ililia kidogo, ikakatika. Imefika? Hakujua. Akarudia. Ikakatika tena. Akarudia. Kumbe zote zilifika. Débora akapiga papo hapo, Kavuo akapokea, lakini kabla hajasema neno yale makombo yakaliwa, laini ikafa. Jioni ukaja ujumbe: "Nimeona bipi tatu kwa simu ya mama. Nakuja."

"Salomon, mwanangu," alisema sasa, "niuzie kadi."

"Mama, jana nilikuambia. Uko na carte d'électeur, kitambulisho ya kura?"

"Niko na hii."

Salomon hakukipokea kitambulisho alichonyooshewa. "Hii ni ya Uganda. Mashini ya kuandikisha kadi haitaikubali."

"Lakini miye ni muzaliwa wa Bulengera!"

"Miye najua Bulengera, mama. Mashini ndiyo haijui."

"Basi nipigie na simu yako. Nitalipa."

"Kule Uganda? Hapana. Unisamehe." Salomon alishusha sauti. "Mwaka jana mutu moja wa hapa aliazima mugeni simu, apige ng'ambo. Bakamufunga wiki tatu. Bakamuuliza, ulikuwa unasema na nani? Mais hakujua hata jina ya ule mugeni! Miye niko na batoto ine."

Kavuo alikaa juu ya kreti tupu. Padri, ambaye angeweza kumsaidia, alikuwa safarini Mangina tangu Jumamosi. Ndugu yake Lusenge wa Butembo alijaribu tangu jana, lakini laini yake haina ruhusa ya kupiga nje ya nchi. Huku hana karatasi, kule hana sauti. Alijiona kama mbuzi aliyepitisha kichwa kwenye ua, akashindwa kukirudisha wala kupitisha mwili. Akasali: "Bwana, ulifungua mdomo wa Zakaria. Fungua na huu wangu, kabla mwanangu hajavuka daraja la mpakani."

Lakini hakuiachia sala kazi yote. Chini ya upenu wa duka la jirani alisimama kijana wa pikipiki akimngoja. Walikuwa wamepatana usiku: amchukue kwa vijia vya msituni, akutane na Débora njiani kabla hajafika mahali pa hatari. Kavuo alijua mahali penyewe ni pote.

Ndipo akaja Berthe, muuza samaki wa Kyavinyonge, aliyekwama naye ukumbini. Alileta simu yake iliyozimika ili Salomon aichaji.

"Kavuo, unalia nini asubuhi hivi? Hata samaki yangu inaoza, mais sijalia."

Kavuo alimweleza. Berthe akapiga makofi mara moja.

"Na Kasonia? Hapana unajua Kasonia wa Kasindi? Sisi ba samaki, ile mama ndiye mudomo yetu!"

Akaeleza. Kasonia hukaa mpakani na simu mbili, moja ya Congo, nyingine ya Uganda, kwa maana mitandao yote miwili hufika pale. Wewe unampigia ile ya Congo, kwa bei ya nyumbani. Yeye anampigia mtu wako kwa ile ya Uganda, kwa bei ya nyumbani pia. Kisha anazilaza simu hizo ndani ya beseni, mdomo kwa sikio, sikio kwa mdomo, anazifunika kitambaa ili upepo usiingie, nanyi mnaongea. Malipo yake Berthe atampelekea njia ikifunguka.

"Salomon," Kavuo alisema, "Kasindi si ng'ambo. Kasindi ni Congo."

Salomon alikuna kichwa. Angekubali, lakini wakati huo alifika askari, Xavier kwa jina lililoshonwa kifuani, mtu wa mkoa wa mbali aliyeletwa Beni kwa kazi, kununua kadi ya salio. Mkono wa Salomon ukarudi mfukoni pamoja na simu.

Kavuo alisimama. Hofu yake ilikuwa imekwisha kwa kutumika sana.

"Askari, mwanangu, wewe uko na mama?"

"Niko naye, maman. Kwa nini?"

"Nataka kumuzuia mutoto wangu asikufe njiani. Huyu anaogopa juu maneno itafika Uganda. Simama hapa. Usikie yote."

Xavier alimtazama, akatazama rozari. "Sawa. Mais museme Kiswahili. Mukisema Kinande, luga yenu ya huku, nitasikia nini? Nitakuwa shahidi kiziwi!"

Berthe alicheka. Salomon alitoa simu, akapiga namba aliyotajiwa na Berthe, akaiweka kwenye haut-parleur ili wote wasikie, akaishika mbali na mwili wake kama yai la moto.

"Allô, Kasonia hapa! Toa namba, mbio mbio!"

Kavuo alitoa namba. Wakasikia beseni likilia, kitambaa kikikwaruza. Kisha, mbali kama mtu aliye kisimani, sauti ya Débora.

"Nani?"

"Ni mama yako."

"Mama yangu amekufa! Nimeona bipi tatu! Weye ni nani?"

"Débora, mutoto yuko mugongoni na kitenge ya bluu, ile nilikupatia siku ya ubatizo, na umeifunga vibaya, juu kila siku unaifunga vibaya."

Kikaja kilio, na ndani ya kilio kicheko.

"Mama! Bamekusomea misa leo asubuhi! Parokia yote imekulilia!"

"Basi hiyo misa iniombee uzima. Uko wapi?"

"Darajani. Gari iko ng'ambo, dereva ananiita."

"Rudi, mwanangu. Njia inaua. Miye ni muzima, niko Beni, nalala parokiani. Rudi nyumbani."

"Na weye utakuja namna gani?"

Kavuo alitazama upenu. Kijana wa pikipiki aliinua mkono, akaonyesha saa yake. Nyumbani kwake Bwera kulikuwa na kuku wasiofungiwa, maharage ya kuvunwa, na mjukuu aliyemjua kwa harufu. Huku kulikuwa na mkeka na ukungu, na hakuna aliyejua ni wiki ngapi.

"Anataka kupanda moto ya ule kijana wa pikipiki leo saa sita!" Berthe alipaza sauti. "Kupita musituni!"

"Berthe!"

"Mama." Sauti ya Débora ilikuwa imekauka. "Ukipanda ile moto, miye napanda hii gari. Nisikie ukiahidi. Pale pale, mbele ya batu."

Tangu utoto Kavuo alifundishwa kutoapa ovyo: ndiyo yako iwe ndiyo, na siyo yako iwe siyo. Alijua neno likitoka ataishi ndani yake kama ndani ya nyumba isiyo na mlango. Ndani ya beseni dereva alisikika akipiga honi. Xavier alivua kofia bila kuambiwa. Kavuo alifunga rozari kiganjani, akaikaribia simu, akasema kwa sauti iliyofika hata kwenye upenu:

"Miye Kavuo, muzaliwa wa Bulengera, mujane wa Kakule wa Bwera, naahidi mbele ya Mungu, na mbele ya Salomon, na Berthe, na huyu askari Xavier, na Kasonia anayetushikia simu: sitapanda moto, sitapita musituni, sitatoka Beni hata kwa muguu, mpaka askari bafungue njia. Nimesema. Sasa geuka, mwanangu, urudi nyumbani."