Wanaojulishwa

Kapiteni Nzanzu alivua kofia kabla ya kuingia studio, kama mtu aingiaye kanisani, akaweka karatasi mbele ya Anne-Marie. Adabu hiyo ndiyo iliyomtia mwanamke yule hofu. Askari anayekuja kwa fujo, angalau hujulikana anataka nini.

Kwa miaka mingi Anne-Marie alikuwa akisoma matangazo ya vifo katika redio moja ndogo ya Butembo, mashariki mwa Kongo. Aliyekufa kwa homa na aliyekufa kwa risasi, wote aliwasoma kwa sauti ile ile. Watu walimsifu kwa hilo, naye aliamini kwamba kazi ya msomaji ni kusoma. Vita vilikuwa na wenyewe.

Karatasi ilisema kwamba Timothée, mwandishi wa redio hiyo hiyo, ameuawa na adui huko kijijini Kasugho.

"Kapiteni, bombe yenye ilimuua ilitoka kwenu."

"Adui balikuwa mu kijiji, mama, banatupiga. Ningeacha askari bangu bakufe juu ya mutu moya wa mikro?"

Swali halikuwa la kipuuzi, na Anne-Marie hakulipuuza. Askari nao wana mama zao, na aliye chini ya risasi hana mizani mkononi. Lakini asubuhi ya shambulio yeye alikuwa ameketi kando ya foni, mtambo wa kuzungumzia na parokia za mbali, akasikia kila neno kati ya Timothée na kapiteni.

"Nilikuwa kwa foni," alisema. "Timothée alikuambia iko kwa nyumba ya katekista, ya mabati mupya, kandokando ya kijiji, na raia tu. Ulijibu: bien reçu, nimesikia."

Kapiteni aligeuzageuza kofia mkononi.

"Ile mabati ilikuwa inangaa," alisema. "Ndiyo yenye ilionekana muzuri. Batu ba mizinga ya mortier balipimia pale." Kisha sauti ikarudi kuwa ya kazi. "Soma tu, mama. Ukisoma muzuri, redio yenu itaendelea."

Anne-Marie alielewa. Akikataa, mlango wa redio utafungwa, na wenzake watalala mahabusu. Akikubali, Mzee Sikuli, baba wa marehemu, ataiamini karatasi ile mpaka kaburini, na pengine atawashukuru waliomuua mwanawe. Alimpenda Timothée kama mdogo wake wa tumbo moja.

Huko kwao tangazo la kifo halikamiliki bila majina ya wanaojulishwa: jamaa walio mbali, kila mmoja na kijiji chake, ili anayesikia jina lake ajue anangojewa matangani. Karatasi ya jeshi haikuwa nayo.

"Familia haiko umu," alisema.

"Ongeza," akajibu kapiteni, mzaliwa wa milima hiyo hiyo. "Mutu hazikwe bila ndugu."

Taa nyekundu ikawaka. Anne-Marie akapiga moyo konde. Alisoma jina na mahali, akaliruka neno adui.

"Wanaojulishwa ni baba yake, Mzee Sikuli, huko Masereka. Dada yake, Tamar, huko Mangina." Sauti ikamtetemeka, kwa mara ya kwanza hewani. "Na Kapiteni Nzanzu, hapa Butembo, ambaye marehemu alimwambia kwa foni asubuhi ile yuko nyumba gani."

Akazima mikrofoni, akangoja.

Kapiteni alisimama, mkono kwenye kitasa.

"Matanga iko wapi?" aliuliza.