Mashine ya Pili

Nyundo ilipotua mezani, kikombe changu cha chai kiliruka kikavunjika, na mwenye nyundo wala hakukitazama. Alikuwa fundi wetu wa kuchomelea vyuma. Asubuhi ile mashine ya kwanza ya kubana bati ilikuwa imemsaga mdogo wake mkono, na damu ilikuwa bado haijakauka kwenye shati lake.

“Dada yako yuko kwenye mashine ya pili,” alisema. “Unangoja nini?”

Sikuwa nangoja, nilikuwa nahangaika. Kosa nilishaliona: programu ya kuendesha mashine hizo iliruhusu chuma cha kubania kushuka hata mlango wa kinga ukiwa wazi. Kulirekebisha ilikuwa kazi ya mstari mmoja. Lakini skripti, yaani orodha ya amri za kompyuta za kuiunda programu upya, ilikuwa na kichwa kigumu kama mwenye kiwanda. Iling'ang'ania kuunda sehemu za bodi zote, yaani saketi za kila mashine, hata za mashine tulizokwisha kuziuza kama chuma chakavu, na kwa marehemu hao ndiko ilikokwama. Nikaiwekea sharti: bodi isiyochaguliwa, ruka sehemu zake. Nikachagua bodi ya mashine hizi tu.

Mwenye kiwanda, mjomba wetu, kaka wa mama, akaingia. Alipoitazama skrini alisema bodi zote ziundwe kama tulivyozoea, na mashine ya pili haizimwi, mteja anasubiri mzigo. Fundi akamkaba shingo akambamiza ukutani, akambamiza tena, mpaka pua ikachuruzika damu. Mjomba akaniita kwa jina langu la utotoni, nimsaidie. Sikuinua macho. Damu ni nzito kuliko maji, najua, lakini sikumwonea huruma siku ile na hadi leo simwonei.

Maneno yakaanza kupanda kwenye skrini: imerukwa, imerukwa, imerukwa. Fundi akachungulia, akasonya, akatoka na nyundo yake. Nikasikia akiliponda sanduku la swichi kuu, pigo juu ya pigo. Taa zikazimika. Kompyuta yangu, iliyokuwa ikitumia betri, ikaandika kwamba kazi imekamilika.

Nikakimbilia karakana. Dada alikuwa ameinama kunasua bati lililokwama, mlango wa kinga wazi, mkono umezama ndani hadi kiwiko. Chuma kilikuwa kimesimama juu ya mkono ule, kinakaribia kugusa vinyweleo. Nikamshika mabega nikamvuta nyuma huku nalia waziwazi.

Akanisukuma. Akauliza ni mpumbavu gani aliyezima umeme, naye alikuwa amebakiza vipande vichache tu amalize.