Gego la Bi Mdomo

Maabara ya meno ilikuwa na viti virefu visivyo na migongo, na mbele ya kila kiti palikuwa na kompyuta na kalamu nzito ya chuma. Mwanafunzi akiishika kalamu hiyo huku akitazama skrini, mkono wake ulihisi ugumu wa jino ambalo halipo. Kompyuta zote zilionyesha kinywa kimoja. Wanafunzi walikipa jina la Bi Mdomo, maana kilikuwa wazi kutwa nzima na hakikusema neno.

Binti wa mshonaji alikitambua siku ya kwanza. Pengo la juu, jino la mbele lililompanda mwenzake, gego la chini lililooza upande wa ulimi: kilikuwa kinywa cha mama yake. Mwaka uliotangulia mama alikwenda kliniki ya chuo, akapigwa picha za kinywa kwa mashine mpya, akaambiwa asubiri kuitwa. Alikuwa bado anasubiri, na uzi alikuwa ameacha kuukata kwa meno.

Jioni binti alimkuta kwenye cherehani, kashika shavu.

"Leo wamenichonga tangu asubuhi," mama alisema. "Kuna mmoja ana mkono mzito, utadhani anapasua kuni."

"Huyo anakaa karibu yangu. Nitamwambia."

"Mwambie, mwanangu. Afadhali kipindi kikiisha meno yanarudi. Ila na lile bovu nalo linarudi."

Ndivyo ilivyokuwa. Kila kipindi kilipokwisha mhadhiri alibonyeza kitufe, na kinywa kikawa kama kilivyopigwa picha, ili kundi linalofuata likute gego bado limeoza. Na mama, huko kwenye cherehani, mashimo mapya yalijifunga, maumivu ya zamani yakarejea mahali pake.

Binti akaona dawa ni moja: kulitibu gego sawasawa, kisha kuomba lisirudishwe. Alifanya mazoezi mpaka vidole vikafa ganzi. Siku ya mtihani aliondoa uozo wote bila kugusa mshipa, akaliziba hivi kwamba hata ulimi usingejua pana kiraka. Kompyuta ikampa alama zote. Simu ikatetemeka mfukoni. Mama alikuwa ameandika: "Nimetafunia upande ule. Haliumi hata chembe." Binti akalia pale pale, mbele za watu, kwa furaha.

"Mwalimu," alimwambia mhadhiri, "naomba hili usilirudishe. Ni la mama yangu."

Mhadhiri alivaa miwani, akaliangalia gego. Hakuwa mtu mbaya.

"Umeziba vizuri sana. Lakini wenzako watajifunzia nini? Gego bovu la kufundishia kama hili hatujapata jingine."

"Basi mwiteni kliniki mumtibu."

"Kliniki si tulishaifunga, binti yangu? Ndiyo hii maabara tuliyomo."

Akabonyeza.

Binti alipohitimu alimkalisha mama kwenye kiti cha kweli, akaliziba gego kwa mikono yake. Kipindi kilipokwisha kule chuoni, alichozibia kikadondokea kwenye kikombe cha chai. Wakaling'oa. Likaota tena mchana ule ule, na uozo wake. Mama alisema basi, waache kusumbuana nalo.

Chuo kilimwajiri binti hapo hapo maabara, kwa kuwa hakuna aliyekijua kile kinywa kama yeye. Mhadhiri alipostaafu, kitufe kikawa kazi yake.

Siku ambayo mwanafunzi ameziba vizuri, binti humpigia mama simu kwanza.

"Mama, umekula?"

"Ndiyo namalizia. Nisubiri kidogo."

Humsubiri, kidole juu ya kitufe, huku kundi linalofuata likigonga mlango. Kwenye simu husikia mama akitafuna, polepole, pande zote mbili.

"Haya, mwanangu. Bonyeza."

Naye hubonyeza.