Kamera ya Nne

Asubuhi ile printa ya depo ya Katsuva ilikataa kuchapa, na kama kawaida Musoki alipigiwa simu kabla mtu yeyote hajaangalia kama imechomekwa. Haikuwa imechomekwa. Gracieuse, mwanamke wa kaunta, alikuwa ameuchomoa waya ili achaji simu yake, kisha akasahau. Musoki aliurudisha, printa ikakohoa, ankara za mabati zikaanza kutoka, na hakuna aliyemshukuru. Hakukasirika. Kazi ya kutunza kompyuta za watu ni kama kufagia, huonekana siku isipofanyika.

Musoki alihudumia famasi moja, shule moja, gereji moja na depo hii ya vifaa vya ujenzi pembeni ya mtaa wa Saio, mjini Bunia, ambayo ndiyo iliyomlisha kuliko nyingine zote. Alikuwa anafunga begi lake Gracieuse aliposema, "Vile ulishafika, angalia tena kamera quatre. Tangu juzi haioneshe simenti. Iko naonesha nyumba ya batu."

Musoki alivuta kiti akatazama. Skrini iligawanyika sehemu nne. Kamera ya kwanza ilionyesha kaunta, ya pili geti, ya tatu mlango wa stoo. Ya nne, ambayo yeye mwenyewe aliifunga juu ya yadi ya nyuma, ilionyesha nyumba ya matofali yenye bati jekundu, mparachichi uliozaa vizuri, jiko la udongo na kuku. Mwanamke mmoja alikuwa anafagia kuanzia mlangoni kwenda kwenye mti. Kwenye kona ya picha tarehe ilikuwa ya siku ile na saa ilikuwa sahihi, na vivuli vilianguka upande ule ule vilikoanguka barabarani.

Alitoka nyuma kuhakikisha. Yadi ilikuwa na saruji iliyofunikwa turubai, na vijana wa kupakia wakibeba mifuko kichwani. Kuku hawakuwepo. Aliporudi kaunta, yule mwanamke alikuwa ameshamaliza kufagia na sasa anamwaga maji mlangoni kutuliza vumbi.

Alianza na kilicho rahisi, kama afanyavyo kila fundi mwenye akili: waya. Alibadilisha waya, nyumba ikabaki. Alihamisha kamera akaifunga ukuta wa pili, na skrini ikaonyesha nyumba ile ile kwa upande wa jikoni. Alifunga kamera mpya kutoka kwenye boksi lake, picha ikawa safi zaidi, hata maparachichi yaliyoiva yakajulikana. Mwisho aliuliza kwenye kundi la WhatsApp la mafundi wenzake. Mmoja alimwambia aangalie kama mtandao umeingiliana na wa jirani. Mwingine, wa Goma, aliandika kwamba kwake pia ilitokea, alibadilisha adapta bila mafanikio, na siku hizi amezoea.

Katsuva alifika mchana. Alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, mzee wa kanisa, asiyepaza sauti hata kwa dereva mlevi. Aliitazama nyumba kwa muda, mikono mgongoni.

"Unaweza kuitengeneza?"

"Sijui, papa. Kamera iko muzima. Waya iko muzima."

"Basi iache. Simenti itachungwa na macho ya batu." Akaweka mlinzi wa kukaa kwenye yadi na biashara ikaendelea.

Gracieuse ndiye aliyemjua mwenye nyumba. Kila asubuhi mama mmoja aliyeuza sombe, majani ya mihogo, sokoni alipita na beseni lake mbele ya depo, ingawa njia hiyo ilimzungusha bure. Alipofika usawa wa geti alipunguza mwendo, akaendelea. Asubuhi moja Musoki akiwepo, Gracieuse alimwita, akamwonyesha skrini. Mama alitua beseni chini, akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Uyu ni miye," alisema, akimwonyesha Musoki mwanamke aliyekuwa anaanika mihogo. "Kule niko munene."

Aliitwa Bernadette. Kiwanja kilikuwa chake na mume wake, Augustin, mpaka vita vya elfu mbili na tatu vilipowatoa usiku na nguo za mwilini. Nyumba iliungua pamoja na karatasi zake. Waliporudi, miaka baadaye, waliambiwa kwamba kiwanja kilihesabiwa kuwa kimetelekezwa, kikauzwa na mtu mmoja kwa mtu mwingine, naye akamuuzia Katsuva, na kila mauzo yalikuwa na mihuri yake. Augustin alikufa akiwa mpangaji wa chumba kimoja. Kwenye skrini alikuwa amekaa chini ya mparachichi, kichwa cheupe, anachambua maharage.

Kisha kijana mrefu alitoka ndani akisukuma pikipiki. Mguu wake wa kushoto ulikanyaga kwa kuingia ndani kidogo. Bernadette alishika ukingo wa kaunta.

"Dany," alisema. "Mutoto yangu. Alikufaka ku njia ya Gety, wakati tulikuwa tunakimbia. Homa ilimubeba. Alikuwa bado anang'oa meno ya utoto."

Musoki alimpa kiti. Dany alichuchumaa, akafungua plagi ya pikipiki, akaisafisha kwa shati lake, na mama yake aliyekuwa kule akamgombeza kwa sababu ya shati. Huyu wa huku alicheka. Sombe yake ilinyauka kwenye beseni siku ile, na hakujali.

Kuanzia hapo alikuja kila alipomaliza sokoni. Katsuva hakumzuia. Alimsalimia kwa heshima, akamuuliza afya, akapita kwenda kuhesabu nondo zake. Vijana wa kupakia nao walizoea. Mvua ilipoanza kunyesha Bunia ilinyesha na kule, wakaona mihogo inavyoanuliwa mbio, wakampa Bernadette pole kwa iliyolowa.

Siku moja umeme ulikatika, na ulipowashwa tena saa ya kisanduku cha kurekodi ilikuwa imerudi nyuma hadi mwaka kilipotengenezwa, kwa sababu betri yake ndogo ya ndani ilikuwa imechoka. Kamera tatu hazikujali. Ya nne ilionyesha nyumba ikiezekwa upya, bati nusu, nusu turubai, na Dany juu ya paa akipigilia misumari, mwembamba zaidi. Musoki alirekebisha tarehe, bati likatimia. Aliiandika kama hitilafu ya kawaida. Bernadette aliyeona yote mawili aliondoka mapema siku ile.

Musoki ndiye aliyefikiria tume. Kulikuwa na tume ndogo iliyoundwa kusuluhisha mabishano ya viwanja, ikikaa kwenye ukumbi wa kukodi, chini ya uenyekiti wa Monsieur Rodrigue, mwanasheria mwenye miwani minene na subira nyingi. Bernadette alikuwa amefungua malalamiko huko zamani, yakalala kwa kukosa ushahidi. Mashahidi wake walikuwa wamekufa au wametawanyika. Sasa ushahidi ulikuwepo, na ulikuwa unafuga kuku.

Kabla ya kunakili picha, Musoki alimwambia Katsuva waziwazi. Kumpoteza Katsuva kulikuwa ni kuipoteza kodi ya nyumba na ada ya mdogo wake.

"Peleka," Katsuva alijibu. "Sitaficha kile Mungu anaonesha. Lakini miye nilinunua, Musoki. Wakisema nirudishe, nitarudisha. Wasiposema, sirudishe. Miye pia niko na batoto."

Tume iliitazama picha kwenye kompyuta ya Musoki bila kelele. Mjumbe mmoja alisifu parachichi. Monsieur Rodrigue alisogeza miwani, akaomba picha isimamishwe, akasoma tarehe kwenye kona.

"Maman, hii ni ya wiki hii."

"Ndiyo, muheshimiwa."

"Picha inaonesha nyumba iko, bwana iko, mutoto iko, na weye uko ndani. Sasa walikunyang'anya nini?"

Bernadette alimtazama. Swali halikuwa la kejeli. Monsieur Rodrigue aliuliza kwa sababu ilimbidi aandike jibu.

"Lete picha ya zamani," aliongeza kwa upole. "Ya mbele ya vita. Ikikuwa na tarehe ya ule wakati, tutaipokea, na parcelle, ile kiwanja, itarudi kwako. Naiandika hapa."

Musoki alitoka pale akitembea haraka, Bernadette nyuma yake. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi mno, la kugusa menyu, kuchagua tarehe, kuandika elfu mbili na moja, na kubonyeza sawa. Kamera ya nne ilifuata saa ya kisanduku, alikuwa ameona kwa macho yake. Ingeonyesha nyumba ile ile ikiwa mpya, na tarehe ingekuwa ya kweli, kwa jinsi mambo ya kamera hiyo yalivyokuwa ya kweli. Walifika depo, akakaa kaunta, akafungua menyu. Alikuwa ameshaandika tarakimu mbili za kwanza Bernadette alipomshika mkono.

"Usiguse saa, mutoto yangu."

"Ni dakika moja tu, maman. Nitachukua picha, kisha nitarudisha."

"Ukiirudisha nyuma, Dany atarudia kuwa mutoto."

"Kwa dakika moja."

"Na umeme ikikatika mu ile dakika?"

Kidole cha Musoki kilisimama juu ya kitufe. Umeme ulikuwa umekatika mara mbili tangu asubuhi.

"Ile mwaka yote itakuya tena," Bernadette alisema. "Ile njia ya Gety iko bado inamungoja. Alishaipita. Leo ni mwanaume, iko na pikipiki. Siwezi kumuita nyuma."

"Na parcelle, maman? Alisema ataiandika kwako."

"Parcelle haikutoka mu tumbo yangu."

Alisema hivyo bila uchungu wa kuonyesha watu, mkono wake ukiwa bado juu ya mkono wa Musoki, na Musoki aliona kwamba mwanamke huyu alikuwa anaitoa nyumba yake mara ya pili, safari hii kwa hiari. Alifuta zile tarakimu. Kisha akafungua kisanduku, akatoa betri iliyochoka, akaweka mpya, na akafunga mpangilio wa saa kwa nenosiri refu ambalo hakumpa mtu yeyote, hata Katsuva. Tume ilisubiri muda wake wa kisheria, ikafunga jalada. Katsuva alipopata barua ya tume aliisoma mara moja, akavua kofia, akaivaa tena. Jumapili alitoa sadaka kubwa. Mwezi uliofuata alipanua stoo.

Msimu wa kiangazi wanawake walianza kuingia na kutoka kwenye ile nyumba ya skrini. Walichambua mchele, wakapaka chokaa ukutani, wakapimana vitenge vya kijani vyenye maua ya njano. Bernadette alisogeza uso kwenye kioo mpaka akaijua ile chapa vizuri, akaenda sokoni kuitafuta, akapata kipande cha mwisho. Dany alikuwa anaoa. Bibi harusi hakuna aliyemjua, ila alikuwa mfupi na alicheka na mkono mdomoni, na Bernadette alisema anafaa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Bernadette alifika amevaa kitenge kipya, kilemba kimefungwa juu, viatu mkononi ili visishike vumbi. Mbele ya skrini hakukaa. Alimwambia Musoki kwamba mkwe akifikishwa kwa bwana yake, mama mwenye nyumba ndiye anayempokea mlangoni, na kwamba haiwezekani ampokee akiwa kaunta, kati ya misumari. Basi alitoka nyuma, kwenye yadi, na Musoki akasimama kwenye dirisha la kaunta akiangalia skrini kwa jicho moja na Bernadette kwa jicho lingine.

"Mbele kidogo, maman. Kuume. Pita ile simenti. Hapo. Hapo ndiyo mulango."

Bernadette alivaa viatu. Vijana wa kupakia waliacha kazi, wakavua kofia. Kwenye skrini msafara ulikuwa umeshafika chini ya mparachichi. Augustin alisimama akiegemea fimbo, Dany alivuta tai iliyomkaba. Mlangoni alisimama mwanamke mmoja mwenye kitenge cha kijani. Ulikuwa mlango mmoja na mwanamke mmoja, na Musoki hangeweza kusema tena ni yupi.

"Anafika," alisema. "Anapiga magoti."

Bernadette alinyoosha mikono miwili mbele yake, juu ya vumbi la saruji, akainama kama mtu anayemwinua mwingine. Alisema maneno ambayo mama husema, polepole, na hakuna aliyemkatiza.

Honi ililia getini. Lori la saruji kutoka Mahagi lilikuwa limefika, limechelewa siku nzima, na dereva alitoa kichwa dirishani.

"Maman, pole. Sogea kidogo, gari iingie."

Bernadette alimalizia sentensi yake. Akakusanya upindo wa kitenge, akasogea hadi ukutani, na lori likaingia kinyumenyume taratibu mpaka pale alipokuwa amesimama.